Usije na Nyundo, Mwanangu

Nyumbani, chini ya machimbo,
Jumapili mchana, tarehe 14.

Mpendwa mwanangu, kifungua mimba wangu,

Kabla ya yote nakusalimu kwa jina la Bwana. U hali gani, baba? Umekula leo? Na kile kifua chako cha moshi wa kuchomelea vyuma, kimetulia? Najua utasema kimetulia hata kama unakohoa damu, lakini sema tu, nami nitajifanya nimeamini.

Sisi huku tupo. Baba yako anakusalimu sana. Masikio yake ni yaleyale, baruti zilikwisha kuyala, na sasa hata ukipiga kelele anakujibu jambo la juzi. Jana nimemwambia maji yamechemka, akasema na wao pia wakapumzike. Dada yako anakusalimu, cherehani yake imepona, anashona sare za shule mpaka vidole vinavimba. Binti yake anakusalimu, ameng'oka meno mawili ya mbele, na amesema nikuandikie kwamba hakulia. Alilia. Jirani yetu fundi viatu naye anakusalimu, anauliza utamletea lini ule mkasi. Hata kuku yule mweusi uliyempa jina la mwalimu wako bado yuko hai, hatagi wala hachinjwi, anatembea tu kama mwenye nyumba.

Mdogo wako nitamfikia. Nisubiri kidogo.

Barua hii naandika mwenyewe, mwanangu. Dada yako alitaka kuniandikia kwa sababu yeye mwandiko wake umenyooka, nikamwambia hapana, hili ni la mkono wangu. Unajua mama yako aliishia darasa la tatu, na mkono uliozoea nyundo ukishika penseli unaona kama umeshika mwiba wa samaki. Nimeshaivunja mara mbili. Niko siku ya tatu naandika. Ukikuta neno limepinda, lisome lilivyokusudia kuwa.

Kwenye simu nimeshindwa. Nikianza kusema unanikatiza, unasema, “Mama, usinihubirie,” kisha tuu tuu tuu. Barua haikatwi. Nakuomba uisome umekaa chini. Kama uko kazini, zima moto kwanza.

Ile sauti uliyotuma kwenye simu ya dada yako nimeisikiliza mara sita. Ulisema miaka yote unaamka, unachomelea, unalala, unaamka, na ulikuwa hujui unaishi kwa ajili gani. Ukasema sasa unajua. Ukasema Jumamosi unapanda gari, unakuja na nyundo yako, na jicho la mdogo wako litalipwa, na ukimaliza hapo hata wakufunge haidhuru. Ulisema kwa sauti ya kutulia. Ungepiga kelele ningelala usingizi. Lakini ulisema kama mtu aliyepata kazi nzuri.

Mwanangu, mimi ndiye mama yako, na nimefurahi siku zote ukipata cha kukuamsha asubuhi. Hiki siwezi kukifurahia. Ngoja nikuambie yaliyotokea, maana uliyoyasikia ni nusu, na nusu iliyobaki niliificha mimi.

Tangu uondoke, karani wa machimbo ameleta utaratibu mpya kwa sababu ya wezi wa kokoto. Kila jioni ukimaliza kugonga, unanyunyizia rundo lako chokaa juu yake kwa alama yako. Mtu akichota, alama inavunjika na wizi unajulikana. Kesho yake unaongeza kokoto juu, unanyunyiza tena. Mimi alama yangu ni msalaba. Mama Pilipili, yule mlevi wa upande wa juu, alama yake ni mistari mitatu, anasema ndiyo chupa zake tatu za siku. Na yule unayetaka kumuua, tunayemwita Chapuchapu kwa kuwa hajawahi kuwahi kitu chochote duniani, alama yake ni duara.

Na kuna sheria: mvua ikinyesha alama zikafutika, hakuna kugusa rundo mpaka watu wote wafike, kila mmoja asimame kwenye rundo lake mbele ya karani, ndipo tunyunyize upya. Ni sheria nzuri. Mimi mwenyewe niliisifia.

Basi mvua ilinyesha siku mbili. Jumanne ile ya tarehe 2, asubuhi, lori lilikuja mapema, dereva anapiga honi kama ana mgonjwa ndani. Mimi na mdogo wako tulikuwa wa kwanza kufika. Karani hajaja. Moyo ukaniambia wahi, wengine wakifika lori litajaa ya kwao. Rundo langu lilikuwa la tatu kuhesabu kutoka kwenye mwamba mkubwa. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nikachukua chokaa nikapiga msalaba wangu.

Nilihesabu kwa macho ya jana, mwanangu. Usiku ule ukingo ulikuwa umeporomoka, rundo la kwanza limebebwa na maji limeingia shimoni. La tatu lililobaki halikuwa langu. Langu lilikuwa la pili. La tatu lilikuwa la Chapuchapu. Nilipiga msalaba juu ya jasho la mtu mwingine.

Mdogo wako na wapakiaji wenzake wakaanza kupakia. Watu wakafika mmoja mmoja. Chapuchapu akafika wa mwisho, kama kawaida yake, akasimama, akaangalia, akasema polepole, “Mama, hilo ni langu.”

Mdogo wako unamjua mdomo wake. Akamwambia, “Mzee, ulichelewa kuzaliwa, sasa umechelewa hata kuhesabu?” Watu wakacheka. Mimi nami nilicheka.

Chapuchapu hakukasirika. Akasema, “Chimbeni kati. Mtakuta duara langu la juzi.”

Beleshi likaingia katikati ya rundo. Na mimi nilikuwa nimesimama upande wa nyuma wa lori, pale ambapo rundo lilifunguka. Nikaona. Mule ndani ambamo mvua haikufika, kokoto zilikuwa kavu, na chokaa ilikuwa imepinda kama kucha. Duara. Niliiona kama ninavyoiona karatasi hii. Beleshi la pili likapita likaifuta.

Nikanyamaza.

Usiniulize kwa nini, ngoja nikuambie mwenyewe. Mimi ndiye kiongozi wa akina mama wa maombi. Jumapili iliyotangulia nilisimama mbele yao nikasema juu ya wizi mpaka nikatoka jasho. Nikaona nitakavyoonekana nikisema, “Jamani, nimekosea, nimevunja sheria ya karani na kokoto si zangu.” Nikaona vile watakavyotazamana. Nikasema moyoni, acha lori liondoke, nitamlipa kimyakimya kwa kumgongea nyingine. Shetani hakunijia na mapembe, mwanangu. Alinijia na mpango mzuri.

Chapuchapu akashika beleshi la mdogo wako. Mdogo wako akamsukuma kwa mpini kifuani, mara moja, mara ya pili, huku akimwambia nenda kalale. Chapuchapu akapepesuka, akageuka, akaanguka kifudifudi kwenye mawe. Alipoinuka mdomo ulikuwa umejaa damu, jino limeng'ang'ania kwenye mdomo wa chini. Mkononi ana nyundo. Akapiga beleshi. Nakuapia, alipiga beleshi. Nyundo ikateleza kwenye mpini, ikapanda juu.

Sauti yake haikuwa kubwa. Ilikuwa kama yai linapogongwa kwenye ukingo wa sufuria.

Mdogo wako alishika uso kwa mikono miwili, na damu ikatoka katikati ya vidole vyote, na akaniita. Hakusema mama. Aliniita kwa lile jina alilokuwa akiniita akiwa hajui kusema. Na Chapuchapu akaiachia nyundo ikaanguka, akanyoosha mikono kama anataka kumshika asianguke.

Hapo ndipo uliposikia kwamba watu wa machimbo walimshambulia yule mtu kwa mawe. Ni kweli. Lakini hujaambiwa nani alianza.

Ni mimi.

Jiwe la kwanza lilitoka kwenye mkono huu unaoandika. Miaka kumi na tisa mkono huu unajua uzito wa jiwe na mahali pa kulipiga. Sikukosea. Lilimpata kwenye taya, nikasikia taya likiachia. Nikaokota la pili. Na watu walipoona mama wa maombi anarusha, nani angebaki nyuma? Kwetu watu hawatafuti mawe, mawe ndiyo sakafu. Yalikuja kutoka kila upande. Yalimpiga mgongoni kwa mlio mzito kama mtu anayepiga godoro, yalimpiga kichwani kwa mlio mwingine. Alijikunja, akajaribu kutambaa kwenda chini ya lori, wakamvuta kwa mguu wakamrudisha katikati. Mtu mmoja alimponda nyonga kwa nyundo kubwa ya kupasulia. Nilisikia mwanakwaya mwenzangu anaita jina la Yesu na kurusha, anaita na kurusha. Nami nilikuwa napiga kelele, nasema “Mwizi! Mwizi!”, nikijua kabisa mwizi ni nani.

Unajua nani aliyetuzuia? Si mzee wa kanisa, naye alikuwapo na vumbi mikononi. Ni Mama Pilipili. Alikuja kutoka juu anayumba, pombe ya asubuhi tayari, akapita katikati ya mawe akajilaza mzima mzima juu ya Chapuchapu. Mawe mawili yakampata mbavuni kabla mikono haijaelewa. Akainua kichwa, akatutazama mmoja mmoja, akasema:

“Haya, wa Yesu mnaua, na mlevi ndiye anazuia! Rusheni basi! Mtasimulia nini Jumapili?”

Hakuna aliyerusha tena. Dereva wa lori akazima injini. Ndipo nikasikia mdogo wako analia.

Jicho la kushoto halikuokolewa. Hilo umeshaambiwa. La kulia ni zima, ashukuriwe Mungu, na daktari anasema mfupa wa paji utaunga. Yuko wodini bado, anakusalimu, anasema akitoka anataka miwani nyeusi kama ya wanamuziki. Anatania mchana. Akilala anapigana na shuka.

Sasa nisikilize hapa, baba.

Hospitali ina wodi moja ya wanaume. Kutoka kitanda cha mdogo wako hesabu vitanda vitatu, kinachofuata ni cha Chapuchapu. Taya limefungwa kwa waya, nyonga imevunjika, mguu umening'inizwa. Na pale mgonjwa asiye na ndugu anakula macho. Hana mke, hana mtoto, hakuna aliyemletea hata maji. Siku mbili nilipita mbele ya kitanda chake na chupa yangu ya uji, nikanyoosha shingo kama simwoni.

Siku ya tatu nilikwenda kwake. Sikufichi kitu, nikuambie ukweli: nilikwenda kumtemea mate. Nilikuwa nimeyakusanya mdomoni. Nilikuwa nimeshajisadikisha kwamba yeye ndiye mbaya, maana mtoto wangu amepofuka jicho, na mama mwenye mtoto kama huyo haulizwi kitu. Nikasimama juu yake. Akanitazama. Hawezi kusema, mdomo una waya. Akatoa mkono chini ya shuka, na kwa kidole kimoja, polepole kama anavyofanya mambo yake yote, akachora duara juu ya shuka.

Alikuwa ameniona nikiona.

Mate niliyameza. Nikatoka, nikaingia chooni. Nikapiga magoti palepale kwenye sakafu yenye maji. Mwanangu, nimeomba kwa sauti kubwa miaka mingi. Nimeombea wagonjwa, nimeombea mvua, nimekuombea wewe mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Siku ile sikuwa na sauti wala neno. Nilikaa tu mbele ya Mungu kama mtu aliyekamatwa. Nilimwona Yule aliyepigiliwa misumari akawaombea wenye nyundo, na mara ya kwanza katika maisha yangu sikujiona nimesimama na wanaolia chini ya msalaba. Nilijiona na nyundo.

Ulipoacha kanisa uliniuliza, “Mama, Mungu huyo anatutakia nini? Tunaishi ili iweje?” Nikakujibu majibu ya kukariri, ukanyamaza, nikadhani nimeshinda. Nisamehe. Sikuwa najua. Sasa nikuambie kidogo ninachojua. Sikusikia sauti pale chooni, wala sikuona nuru. Nilikumbuka tu kwamba kwenye chupa kuna uji umebaki nusu.

Basi. Ni hilo tu. Nikanawa uso, nikarudi, nikatafuta mrija, nikamnywesha. Anameza kwa shida, unamtoka puani, anafuta, anameza tena. Nusu chupa ilichukua saa nzima. Na kwa saa ile nzima, mwanangu, nilijua kwa nini niko hai. Sijawahi kujua hivyo nikiimba, wala nikisimama mbele ya watu. Sikuwa na furaha, usidhani. Lakini nilijua.

Kisha nikaanza kusema, na kusema kumeniuma kuliko mawe.

Nilianza na mdogo wako. Nilimwambia yote, rundo, chokaa, duara, jiwe. Akageukia ukutani. Nikamgusa bega, akasema, “Mama, usiniguse.” Siku mbili hakunigusa wala hakula mkononi mwangu, alikula kwa dada yako. Siku ya tatu nimekaa pale kama mgeni, akasema bila kugeuka, “Mpelekee yule kabla haujapoa. Tumbo lake linaunguruma, hatulali.” Ndiyo maneno yote aliyonipa. Kama amenisamehe sijui. Hajamsamehe Chapuchapu, na mimi simlazimishi. Jicho ni lake.

Halafu baba yako. Sasa fikiria, kumkiria dhambi mtu asiyesikia. Nilianza kwa upole, akasema, “Nani ameumwa?” Nikapandisha. Akasema, “Duara la nini?” Mwishowe ilinibidi nisimame katikati ya nyumba nipige kelele, “NILIONA NIKANYAMAZA! JIWE LA KWANZA NI LANGU!” Alisikia. Na mtaa mzima ukasikia. Fundi viatu aliacha kugonga.

Baba yako alinipiga kofi. Miaka thelathini na moja hajawahi. Sikuambii ili umchukie, nakuambia kwa sababu nimeahidi sifichi tena. Kisha akachukua kigoda akakivunja kwenye ukuta, akachukua nyundo yangu akatoka nayo, akaitupa kwenye shimo la maji. Alirudi akakaa mlangoni akalia bila kujua sauti yake ilivyo kubwa. Toka siku hiyo ananiita “wewe.” Nyundo nyingine nimeazima kwa Mama Pilipili.

Akina mama wa maombi wameniondoa uongozini. Hilo ni haki. Lakini wamekasirika si kwa sababu nilirusha, wamekasirika kwa sababu nimesema. Mwanakwaya yule alinijia kisimani akaniambia, “Ulitufanya tuamini tunapiga mwizi. Sasa sisi ni nani?” Nilimwambia, “Njoo hospitali kesho, lete sukari.” Akanimwagia ndoo ya maji. Juzi jiwe liliingia dirishani mpaka mezani, likavunja sahani tatu na bakuli lako la bluu. Mjukuu wangu alikuwa amekaa hatua mbili kutoka pale. Kwa hiyo usidhani mama yako anakuandikia akiwa kwenye utulivu kama wa picha za kalenda. Nakuandikia vigae vya sahani bado viko kwenye kona.

Polisi waliandika kwamba Chapuchapu ni mwizi na mshambuliaji. Nilikwenda Alhamisi kutoa maelezo mapya. Askari akaniuliza kama nina akili timamu. Nikamwambia ninazo, ndiyo zinaniuma. Wizi wameufuta. La jicho wamesema liko kwa mdogo wako, akitaka kushtaki atashtaki. Na mimi wameniambia nisiondoke mjini, huenda nikaitwa kwa ajili ya lile jiwe. Wakiniita nitakwenda. Usilie kwa hilo.

Sasa nafika pale nilipokuwa naogopa kufika.

Ijumaa hii Chapuchapu anatolewa hospitali, wanahitaji kitanda. Chumba chake alichopanga, vijana walikichoma siku ileile ya Jumanne. Kilichobaki ni kuta nyeusi na kufuli. Hawezi kutembea miezi mitatu. Hakuna nyumba iliyokubali kumchukua. Nimeuliza kanisani, watu wakaangalia viatu vyao. Mama Pilipili alikubali, lakini yeye analala kwenye banda la nusu paa.

Nimemwambia daktari atakuja kwangu. Chumba kilicho wazi kwetu ni kimoja, mwanangu. Ni chako. Nimefua shuka zako. Atalala kwenye kitanda chako.

Najua umesimama sasa. Kaa.

Najua unasema mama amerukwa, mama anampenda adui kuliko damu yake. Sivyo. Nikimwangalia mdogo wako akipapasa kikombe upande wa kushoto, kuna kitu ndani yangu kinainuka na jiwe mkononi, kila siku, hata leo baada ya ibada. Hakijafa. Kila asubuhi nakishusha tena. Usidhani imani imeniondolea hasira, imenipa tu mtu wa kumkabidhi kabla sijairusha.

Wewe unasema umepata sababu ya kuamka. Baba, mimi nimeshaishi ndani ya sababu hiyo. Niliishi humo kama dakika kumi pale machimboni, na nakuambia kama mama: ndani yake mtu unajisikia mkubwa, mwepesi, umejaa, huna swali hata moja. Ni tamu. Ndiyo maana inadanganya. Ikiisha unabaki na mikono yako tu, na mtu chini. Wewe unasema baada ya hapo wakufunge haidhuru. Mimi inanidhuru. Nina watoto watatu. Mmoja jicho limeenda kwa sababu yangu. Wa pili ndoto zimegeuka sare za shule. Wa tatu asigeuke kuwa mimi wa ile Jumanne.

Na kama lazima damu ya jicho idaiwe, idai kwa mwenye deni. Chapuchapu alipiga beleshi. Mimi nilipiga kimya, na kimya changu ndicho kilichomtoa mdogo wako jicho. Nyundo yako ukiishika sawasawa, mwanangu, inakuja kwangu.

Sikuandikii kukuzuia usije. Nimekutamani miaka minne. Njoo! Mdogo wako anakuhitaji, hataki kunisemesha mimi, wewe atakusemesha. Baba yako anahitaji mwanamume wa kukaa naye mlangoni. Na kuna kazi nitakuonyesha, si kubwa: yule mtu anahitaji kuinuliwa kupelekwa chooni, na mimi mgongo wangu haumwezi. Wewe unabeba vyuma. Najua ninachokuomba ni kikubwa kuliko kuua. Kuua ungemaliza siku moja. Hili ni la kila siku, asubuhi na jioni, na uso wake utakuwa karibu na uso wako. Ndilo ninaloliita kuishi kwa ajili ya kitu. Sina jingine la kukufundisha, elimu yangu imeishia hapo.

Nisalimie wenzako wa karakana, na mama mwenye nyumba wako, mwambie namshukuru kwa ile dawa ya kifua. Dada yako, mjukuu na fundi viatu wanarudia salamu zao. Mdogo wako nilipomwambia nakuandikia alisema, “Mwambie aje, lakini aje mikono mitupu, mimi nimechoka na nyundo.” Hayo ni yake, sikumtungia. Baba yako nilimwandikia kwenye karatasi kama ana neno kwako. Alisoma, akakaa, akasema neno moja: “Aje.” Ana maana gani sijui, mwanangu, na ndilo linaloninyima usingizi.

Mungu aliyenikuta kwenye sakafu ya choo akukute na wewe popote ulipo, hata hapo penye cheche. Akushike mkono huo wa kulia, aufungue kidole kimoja kimoja.

Barua hii anaichukua dereva wa lori, yule aliyezima injini. Anaondoka kesho Jumatatu, amesema Jumatano itakuwa mkononi mwako. Piga simu ya dada yako Alhamisi, usingoje Ijumaa. Huna haja ya kusema mengi. Mimi Ijumaa usiku nitatandika mkeka wangu kwenye mlango wa chumba chako na nitalala hapo, kila usiku, mpaka nijue. Niambie tu, mwanangu, nitandike mkeka wa pili ndani, wa kukulaza wewe karibu naye, au nibaki na huu mmoja mlangoni, wa kukuzuia. Nijibu upesi.

Akupendaye tangu hujapata jina,
Mama yako.